Mnanaa Umepungua Kidogo

Vijana wangu, Jumapili iliyopita mjukuu wangu alinishikisha simu, nikamtazama mtu anatengeneza chokoleti za mnanaa kwa muda ambao mimi huwa natafuta miwani. Anamimina, anakoroga, anakata, anatabasamu. Jiko lake jeupe, kucha zake nyekundu, hakuna kuni, hakuna moshi, na hakuna anayemgombeza. Video ilipokwisha mjukuu akaniuliza kama kweli hiyo ndiyo kazi niliyoifanya miaka yote ile. Nikamwambia ndiyo, ila mimi nilichelewa kidogo.

Nimeoka kwa miaka thelathini na kitu katika nyumba moja ya wageni hapa Lushoto. Mikate kila asubuhi, keki za harusi, na kila Desemba vile vipande vidogo vya chokoleti na mnanaa. Wapo watu wazima wa mji huu, wenye ndevu na vyeo, ambao wakinikuta sokoni wananiamkia shikamoo kisha wanachungulia kapu langu. Najua wanatafuta nini. Kwa hiyo nimeamua kuwaandikia ninyi mnaoanza kuoka, kabla sijasahau, na pia kwa sababu kuna jambo moja linanikaa kooni na ni lazima nilitoe.

Kwanza mjue vipande vile vilikuwa vya nani. Sisi Walutheri wa huku milimani, Krismasi ni siku ya watoto kusema mafungu. Kila mtoto anakariri fungu lake la Biblia wiki nzima, nyumbani wanamsikiliza mpaka mbuzi nao wamelijua, kisha siku yenyewe anasimama mbele ya kanisa na kulisema mbele ya watu wote. Akimaliza, anapewa kitu kitamu. Nyumba yetu ya wageni ilikuwa jirani na kanisa, na tangu zamani jiko letu ndilo lililotoa hicho kitu kitamu. Kilikuwa kikeki chembamba cha kakao, kimefunikwa chokoleti yenye mnanaa, kimekatwa kadiri ya kuingia mdomoni mara moja. Udogo wake una sababu. Watoto siku hiyo wamevaa nguo nyeupe, na mama aliyefua gauni akalianika siku tatu kwenye ukungu wa Desemba hataki kuona chokoleti kifuani. Kipande kinachohitaji kung'atwa mara mbili ni kipande kibaya, shikeni hilo.

Mimi sikuzaliwa mpishi. Ujana wangu niliutumia kwenye chai, upande wa Mponde, katika chumba cha kunyaushia majani. Kazi yangu ilikuwa kutandaza majani mabichi juu ya waya, kuyageuza, kuyakamata kiganjani na kujua kama yamelegea kiasi cha kwenda kusagwa. Nilipomwoa Naomi, yeye alikuwa mwalimu hapa Lushoto mjini. Hakuna mwalimu anayemfuata mnyausha majani, basi nikamfuata mimi. Nyumba ya wageni ikanichukua nilime bustani ya kabichi na karoti. Siku moja mpasua kuni wa tanuri aliugua, nikaitwa jikoni nisaidie kwa siku hiyo moja. Sikutoka mpaka nilipostaafu.

Mwenye jiko alikuwa Mama Hilda. Mama mfupi, kitambaa cheupe kichwani, mpole wa sauti. Hakuwa mtu wa makelele. Ukikosea alikutazama wewe, kisha akautazama mlango, halafu akaendelea na kazi yake. Magoti yalikuwa yamemwisha kwa kusimama miaka mingi kwenye sakafu ya mawe. Kwao ni Malindi, si ile ya pwani, ni kule juu kwenye baridi zaidi kuliko kwetu, alikuwa na nyumba yake na shamba la viazi, na alichokitaka sasa ni kwenda kukaa. Lakini meneja alikuwa amemweleza waziwazi kwamba akiondoka bila kumwacha mtu wa kuaminika, tanuri litafungwa, mkate utanunuliwa mjini, na watoto wa mafungu watapewa biskuti za pakiti. Mama Hilda alisema watoto wale hawatakula biskuti za pakiti naye yuko hai. Akabaki na magoti yake.

Akanichagua mimi. Kwa nini, sijui hata leo. Naomi husema ni kwa vile nilikuwa mwanamume wa kwanza kuingia jikoni mle nikafuta miguu. Meneja alikubali kwa sharti moja: Krismasi ile vipande vya watoto nivitengeneze mimi, mwanzo hadi mwisho, Mama Hilda asiguse mwiko. Vikitoka vizuri, mimi ni mwokaji na yeye anakwenda kwao kupumzika. Vikiharibika, mimi narudi kwenye kabichi, yeye anabaki kusimama mpaka aanguke, au tanuri linafungwa. Kijiweni wenzangu waliposikia walicheka mpaka wakashikana mabega. Wakaniuliza kama nitapewa na khanga. Niliwajibu kwamba anayekula mkate haulizi umeokwa na nani, lakini moyoni niliumia kidogo, sitawaficha.

Sasa tanuri lile. Lilikuwa la matofali, la kuni, halina kipimo cha joto wala dalili ya kipimo. Mama Hilda alilipima kwa Sala ya Bwana. Unatia mkono mlangoni mwa tanuri na kuanza Baba Yetu. Ukilazimika kuutoa mkono kabla ya ufalme wake kuja, moto ni wa mkate. Ukifika kwenye riziki yetu ndipo unashindwa, hapo ndipo pa keki. Ukifika Amina na mkono bado uko ndani, moto umekufa, hapo anika mboga. Njia nzuri na haina gharama. Nikaisikiliza, nikaishika, nikaoka trei yangu ya kwanza ya vikeki, na ikatoka nyeusi kama chungu.

Nikaoka ya pili, nayo ikaungua. Nilikuwa nimetia mkono, nimesali, nimefika kwenye riziki barabara. Mama Hilda akaniambia nisali tena, kwa sauti, yeye asikie. Nikasali. Akanitazama, safari hii hakuutazama mlango, akaniita kwa jina la mtoto wangu.

"Baba Neema, wewe unamwomba Mungu au unamkimbia?"

Ndipo nikaelewa. Yeye alisali kama wanavyosali mama zetu, neno moja linapumzika kabla ya jingine kuanza. Mimi nilikuwa na ulimi wa kiwandani, mashine zinanguruma na wewe unawahi. Nilifika kwenye riziki tanuri likiwa bado na moto wa mkate. Kuanzia siku ile nikajifunza kusali polepole, na ukiniuliza, ni faida niliyoipata hata nje ya jiko. Ninyi mna majiko yenye namba, lakini nawaambia hata namba hudanganya. Tia mkono, lijue jiko lako, na ujue pia mwendo wa ulimi wako.

Vikeki vikakubali. Siri yake ni ndogo: siagi, sukari, mayai, kakao na unga kidogo tu. Hakitiwi hamira, kwa sababu hatutaki kiinuke, tunataka kilale chembamba na kizito. Kitoe tanurini katikati kikiwa bado kinatetemeka kidogo ukitikisa trei. Mtu mwoga hukiacha mpaka kikauke, halafu anashangaa kwa nini watoto wanaomba maji.

Yakaja mambo ya chokoleti, na hapa ndipo nilipotaka kurudi kwenye kabichi mwenyewe bila kufukuzwa. Chokoleti siku zile ilitoka Tanga. Ilipanda na basi, na pale Mombo, chini bondeni, joto liliikuta, ikafika Lushoto imelala upande mmoja wa boksi. Si kitu, huku juu baridi huigandisha tena, hatuhitaji friji. Ila ilikuwa kidogo na hakukuwa na ya kuongeza. Mnanaa nao ulikuwa bure, umejaa kando ya mfereji nyuma ya bustani yangu. Mama Hilda hakuniambia namna ya kuutia mnanaa ndani ya chokoleti, maana kazi ile ilikuwa yangu mwanzo hadi mwisho, na mimi nikaona aibu kuuliza. Mtu uliyekulia kwenye chai utaulizaje habari za majani?

Nikafanya nilichokijua. Nikachuma mnanaa, nikauchemsha, nikauacha ukolee vizuri, chai ya mnanaa safi kabisa, harufu ilifika mpaka mapokezi. Nikayeyusha nusu ya chokoleti yote ndani ya bakuli juu ya sufuria ya maji moto. Iling'aa, ikawa laini. Nikachota chai yangu kikombe kidogo, nikaimimina ndani na kukoroga.

Ikakaza. Mwiko mmoja, wa pili, na chokoleti ile nzuri ikawa mchanga mweusi, mabonge makavu yanashikana na mwiko. Nikaongeza moto, ikawa mbaya zaidi. Nikatoka nje nikakaa juu ya gogo la kuni. Ilikuwa wiki mbili kabla ya Krismasi, nusu ya chokoleti nimeiua, na mama wa watu magoti yanamuuma kwa ajili yangu. Nililia, ndiyo. Andikeni hilo pia.

Mama Hilda alitoka taratibu, akaegemea mlango. Alisema hawezi kugusa mwiko, lakini mdomo haukukatazwa. Akanituma nichemshe maziwa, sufuria nzima, nikayamimina yote juu ya yale mabonge nikiendelea kukoroga. Mabonge yakalainika, yakayeyuka, tukapata kinywaji kizito cha chokoleti na mnanaa. Wafanyakazi wote walikunywa siku ile, hata meneja, akasifu, asijue anakunywa msiba wangu. Wekeni akilini: chokoleti huogopa maji kidogo kuliko mengi. Tone moja la maji, hata mvuke wa sufuria ukiruka ndani, hukaza. Ikishakaza usiipige moto, ipe maziwa mengi, itakuwa kitu kingine, lakini hutaitupa.

Tulipokuwa tunaosha vikombe akaniuliza swali moja tu. Aliuliza kule Mponde, jani likitoka shambani likiwa bichi, tulilisaga papo hapo? Nikamjibu hapana, lazima linyauke kwanza, lipoteze maji yake. Yeye akaendelea kufuta vikombe.

Nilienda kwenye mfereji ule jioni ileile. Nikachuma mnanaa, nikautandaza juu ya waya wa kuku, nikauweka karibu na tanuri lililofika Amina. Asubuhi nikaukamata kiganjani kama zamani. Ulikuwa umelegea, haulii, ukiukunja haukatiki. Nikausugua kati ya viganja mpaka harufu ikaamka, nikautumbukiza kwenye siagi iliyoyeyuka, moto mdogo kabisa, nikaufunika, nikauacha mpaka nilipomaliza mikate. Nikachuja kwa kitambaa, nikakamua. Siagi ikawa na rangi ya kijani hafifu na mnanaa wote ukawa ndani yake, maji yamebaki nje. Nikaichanganya na chokoleti iliyobaki. Haikukaza. Iling'aa vilevile. Nikacheka peke yangu mle jikoni, mtu mzima mwenye mke.

Mengine ni mikono tu. Mimina juu ya kikeki kilichopoa, si cha moto. Acha dirishani baridi ifanye kazi. Kata kwa kisu ulichokichovya kwenye maji moto, lakini ukifute kikauke kwanza, mnajua sasa kwa nini. Na ukishaweka kwenye kopo, tazama jirani wa kopo ni nani. Mwaka mmoja baadaye nililiweka kopo stoo juu ya gunia la dagaa. Chokoleti ni kama mtoto wa shule, huiga tabia ya anayekaa naye. Wageni wa chakula cha jioni walikula kwa adabu sana, wakanywa maji kwa adabu, na hakuna aliyeomba tena.

Basi Krismasi ikafika. Kanisa limejaa, wa Dar na wa Tanga wamerudi nyumbani, nami nimesimama pembeni na trei yangu nimevaa koti la harusi. Watoto wakasema mafungu, kila mmoja akapita kwangu akafungua mdomo. Wengine walisema fungu macho yakiwa kwenye trei. Kuna binti mmoja mdogo, mwenye viatu vipya vinavyomshinda, alisimama katikati, akalisahau fungu lake lote. Akamtazama mama yake, akamtazama mchungaji, akanitazama mimi.

"Naomba chokoleti," akasema, sauti safi, mpaka benchi la mwisho likasikia.

Kanisa zima likacheka. Mchungaji akasema kwamba hata hiyo ni sala, na tena ya kweli kuliko nyingi anazozisikia, akaniashiria nimpe. Nilimpa viwili.

Mama Hilda alikuwa benchi la mbele na meneja kando yake. Nikawapelekea trei kabla haijaisha. Meneja akala, akala tena, lakini alikuwa anasubiri yeye. Mama Hilda alichukua kipande kimoja, akafumba macho, akatafuna muda mrefu. Nami nasimama pale, kabichi zangu zinapita mbele ya macho yangu moja moja.

"Mnanaa umepungua kidogo," akasema.

Meneja akamuuliza, kwa hiyo imekuwaje. Akapangusa vidole kwenye leso na kumwambia kwamba mnanaa umepungua kidogo, na kwamba baada ya mwaka mpya yeye anakwenda kwao. Akanishika mkono akaukamua. Nilitaka kurukaruka, ila tulikuwa kanisani na nilikuwa na trei.

Tangu hapo kila Desemba, nikimaliza vipande vya watoto, nilijaza kopo moja nikampelekea Malindi. Nashuka kwenye gari barabarani, napanda kilima kwa miguu, ukungu unanilowesha, namkuta amekaa jikoni kwake miguu imenyooka kwenye moto. Shikamoo, marahaba, Naomi hajambo, Neema anasoma, tanuri limepata ufa, ufa upande gani. Tukishamaliza yote ndipo anafungua kopo. Anakula kimoja amefumba macho. Kila mwaka jibu ni lilelile: mnanaa umepungua kidogo, mwanangu, mwakani ongeza.

Nami nikaongeza. Nilikuwa mwanafunzi mtiifu. Mwaka baada ya mwaka nikaongeza mnanaa, mpaka mzee mmoja wa kanisa akanishukuru kwamba kifua chake kimefunguka. Mgeni mmoja aliuliza kama ni dawa, na ale kabla au baada ya chakula. Naomi hakunizungusha, aliniambia kwamba hii si chokoleti tena, hii ni dawa ya meno.

Nikapatwa na hasira. Mwaka ule nikarudisha kipimo cha watoto kama cha mwanzo, lakini kwa Mama Hilda nikatengeneza kopo lake peke yake, nimetia mnanaa wa mwaka mzima. Nikapanda kilima. Tukasalimiana, tukamaliza habari za ufa. Akala. Machozi yakamtoka, akakohoa, akaomba maji, akanywa kikombe chote. Halafu akakaa sawa.

"Umepungua kidogo," akasema.

Nikashindwa kujizuia, nikamwambia Mama, kwa heshima yote, hapo hakuna mnanaa unaoweza kuongezwa tena, mfereji umebaki mtupu. Akacheka, kwa mara ya kwanza nikamwona akicheka mpaka kitambaa kikamvuka kichwani.

"Sasa nikikuambia umetosha," akaniuliza, "mwakani utapanda kilima hiki kuja kufanya nini?"

Nilikaa nikapasua kuni zake, nikachelewa gari, nikalala kwao. Nilipanda kilima kile kila Desemba mpaka alipotutoka, na mara ya mwisho mnanaa ulikuwa bado umepungua.

Sasa hilo jambo la kooni. Aliyepokea jiko langu anaitwa Eliza, binti mwepesi, ana jiko la gesi lenye namba, ana kichupa cha mafuta ya mnanaa anachodondosha kwa matone. Nilinung'unika sana juu ya kichupa kile. Lakini kila Desemba anakuja hapa kwangu na kopo, ananiamkia, anafungua daftari lake, anasubiri niseme. Mwaka wa kwanza nilikula nikafumba macho nikitafuta kosa, nikakosa. Nikamwambia mnanaa umepungua kidogo. Akaandika. Mwaka uliofuata nikamwambia hivyohivyo, naye akaandika. Wiki iliyopita Naomi alirudi kutoka mjini na habari kwamba wageni wameanza kuuliza tena ile habari ya dawa ya meno.

Eliza, mwanangu, najua utayasoma haya. Mnanaa ulitosha tangu kopo lile la kwanza. Rudisha kipimo chako, watoto wa mafungu hawana kosa. Lakini Jumamosi njoo na kopo, Naomi ameshanunua sukari ya chai. Nitakuambia vipande umevikata vikubwa mno.